Mama yangu kupigiwa makofi ndani ya Palazzo Te

Naanza na kilichoniudhi. Uzuri wa mahali penyewe nitausema tu, hata nikiwa nimenuna.

Mwaka juzi, majira ya joto, mama alikuja kutoka Tanga kumwona mjukuu. Mimi niko huku kaskazini mwa Italia, kazi zangu za zamu, na nilikuwa na siku moja tu ya kumtembeza. Nikakata tiketi mbili za basi la watalii, kampuni ya hapa hapa mjini kwetu. Jina silitaji, wakisoma watajijua. Kwenda mji wa Mantova, kuona kasri la Palazzo Te, kula, kurudi. Tulipopanda tukabandikwa stika za namba kifuani. Mama alikuwa 17.

Kasri lenyewe halina ghorofa nyingi wala minara ya kujitutumua. Giulio Romano, mwanafunzi wa mchoraji Raphael, ndiye aliyemjengea Federico Gonzaga, mtawala wa Mantova, kuanzia miaka ya 1520, mahali palipokuwa na mazizi ya farasi wa ukoo huo. Ukilitazama kwa mbali utaapa ni mawe mazito matupu. Kumbe matofali yamepigwa lipu, yakachongwa yafanane na mawe! Marehemu baba alikuwa mwashi, kwa hiyo mama aliusogelea ukuta hadi pua nusura iguse, kisha akacheka: "Fundi mwongo huyu." Kwa mama hiyo ni sifa kubwa.

Mwongoza watalii wetu, kijana wa miaka kama 25 hivi, hakungoja acheke akamaliza. Alikuwa anaangalia saa. Chumba cha farasi tulikipita kama tunakimbia mvua. Ni picha za farasi wa ukubwa wao halisi, wamesimama juu ya milango wametulia, na baadhi majina yao yanajulikana hadi leo: Morel Favorito, Dario. Karibu miaka 500 sasa. Na mama yangu, anayepumua, siku nzima ni "diciassette, diciassette", yaani 17. Hata hakuuliza anaitwa nani.

Halafu Chumba cha Majitu. Hapa nakiri maneno yananipungukia. Jupita, mungu mkuu wa Warumi wa kale, anatupa radi kutoka juu, milima na nguzo zinawaporomokea wale majitu waliotaka kupanda mbinguni, na picha inashuka kutoka darini mpaka ukutani bila kukatika, huoni dari inaishia wapi. Mama alinishika mkono, akasema nyumba inaanguka. Kisha akaona majina na miaka iliyokwaruzwa ukutani na wageni wa karne zilizopita, akanong'ona, "Kumbe na wao huandika kuta!" Akafurahi kuliko alivyofurahia majitu, nadhani.

Na haki yake nimpe yule kijana: yeye ndiye aliyetuambia kuwa ukisimama pembeni ukanong'oneza ukutani, aliye pembe ya mkabala anakusikia. Nikaenda pembe moja, mama pembe nyingine, chumba kizima katikati yetu na watu wamejaa. Nikabandika sikio. Sauti ya mama ikanijia kama yuko begani kwangu: "Mwanangu, miguu yangu leo, we acha tu."

Tangu asubuhi nilikuwa namuuliza, Mama umechoka? Ananijibu sijachoka, twende. Aliyoyaficha usoni kwangu aliuambia ukuta.

Mlinzi mmoja wa pale makumbusho, mama wa makamo, alimwona anavyojishika kiuno, akamletea kiti chake mwenyewe. Mungu ambariki. Mama hajakaa hata dakika mbili, yule kijana wetu akaja akasimama mbele yake na kupiga makofi, pa pa pa, "Avanti, signora!", yaani twende, bibi! Kama anafukuza kuku uani. Na katika chumba kile kila kofi linarudi mara mbili. Watu wote wakageuka. Kaisari Karolo wa Tano alikuja kwenye kasri hili mwaka 1530, na nina hakika hakuna aliyempigia makofi ainuke.

Nilimwambia maneno kwa Kiitaliano ambayo hapa siyaandiki. Akajibu kwamba ratiba ni ratiba. Ratiba ya nini? Ya kutufikisha kwenye maduka ya nguo za bei ya chini, ambayo wala hayakuandikwa kwenye tiketi! Kwa muda wa saa mbili tukakaa huko, mama kwenye benchi, mimi nimefura. Ukumbi wa maonyesho kule kasrini sikuuona. Bustani niliiona kwa kisogo.

Kwa hiyo: Palazzo Te nendeni, tena mwende na wazee wenu, kwa treni, polepole. Basi lile msipande. Ingawa bila basi, kwa miguu ile, sijui kama mama angefika.

Juzi kwenye simu nilimkumbusha mama habari za yule kijana, damu ikanichemka upya. Mama akaniambia, "Mwache, alikuwa na njaa yule. Sisi tulikula, yeye alikuwa anatuhesabu." Kwenye maoni haya, nyota nilikuwa nimempa kijana moja. Baada ya simu nikapandisha mbili. Nimeisoma tena habari hii toka juu, nimefika pale kwenye makofi, nairudisha moja.