Bastola kuukuu, mpini wa mbambakofi: uzoefu wangu na Smith & Wesson Model 10

Mwenye haraka aanzie hapa: bastola yenyewe sina la kuilalamikia. Mpini iliyokuja nao ndio haukuwa wa mkono wangu, na kazi ya mchongaji wa mbao wa Changamwe, hapa Mombasa, imenifaa kuliko chochote nilichowahi kuinunulia dukani.

Ni rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, ya risasi sita za aina ya .38 Special, mtutu wa inchi 4. Smith & Wesson walianza kuiunda mwaka 1899 kwa jina la Military & Police, wakaja kuiita Model 10 mwaka 1957, na mpaka sasa zimeshatoka zaidi ya milioni 6. Yangu niliinunua kwa muuza silaha mwenye leseni, ikiwa imeshapita mikononi mwa watu. Mtutu umefungwa kwa kijiti cha chuma kinachopita ubavuni, mtindo ambao kiwanda kiliuacha mwaka 1982, kwa hiyo si ya jana. Rangi ya buluu imepauka kwenye mdomo wa mtutu na kingo za silinda, kwa kutiwa na kutolewa kwenye ala ya ngozi. Hilo halikunishughulisha. Niliangalia silinda ikishafunga haichezi, na ndani ya mtutu hamna mashimo ya kutu. Ukivipata viwili hivyo, makwaruzo ya nje ni mapambo tu. Triga yake, ukiivuta moja kwa moja bila kukunja nyundo kwanza, ni ndefu lakini inateleza kama siagi.

Tatizo ni mahali pa kushika. Mpini wake ni vibao viwili vilivyobanwa kwenye chuma, na vya kiwandani, vya mjozi wa Marekani, ni vyembamba na vinafunika ubavu tu. Mbele na nyuma ya mpini chuma kiko wazi. Halafu kuna ule uwazi nyuma ya upinde unaozunguka triga. Mwenye kidole kinene hauoni. Mimi kidole cha kati kilikuwa kinapanda kujaza ule uwazi, na kila risasi ikitoka upinde unakipiga kwenye kifundo. Risasi ya .38 haina teke la kutisha, lakini kugongwa palepale asubuhi nzima si mchezo. Na kwa joto letu hili la kaskazi, mkono una jasho hata kabla hujafika uwanja wa shabaha. Chuma laini na jasho, bastola inazunguka kiganjani, unafyatua na kupanga mkono upya, unafyatua na kupanga upya.

Wengi hapa dawa yao ni mpira. Niliwahi kutumia mpini wa mpira wa kampuni ya Pachmayr, na kwa kushika tu, sitasema uongo, hauna mpinzani. Unajaza ule uwazi, hautelezi, na teke linapungua. Lakini una kasoro mbili ambazo mtu wa Mombasa hawezi kuzifumbia macho. Ya kwanza, unashika nguo: ukivaa shati juu ya ala, shati linanasa kwenye mpira na kila mtu anajua umebeba nini. Ya pili ni kubwa zaidi. Mpira unafungia unyevu. Hewa ya chumvi inaingia na jasho linaingia, havitoki. Nilipoufungua baada ya masika nilikuta vumbi jekundu la kutu limeanza kwenye chuma, mahali ambapo kitambaa cha mafuta hakifiki. Sikusubiri zaidi.

Kuna na jambo la namba. Kwenye bastola hizi namba ya silaha imepigwa chini kabisa ya kitako. Mpini wa kipande kimoja unaofunika mpaka chini unaificha, na anayekuja kukagua anataka kuisoma na kuilinganisha na cheti cha silaha, basi ndiyo unaanza kutafuta bisibisi mbele ya watu. Kwa hiyo sharti langu la kwanza kwa fundi lilikuwa kwamba mpini mpya uache chini wazi.

Na sharti la pili ni la sheria, si langu. Silaha haiachwi kwa seremala. Mwenye cheti ni mimi, na karakana ya vinyago si duka la silaha. Kwa bahati vibao hivi vinatoka kwa skrubu moja. Bastola ilibaki nyumbani, tupu, ndani ya sefu. Nilichokwenda nacho Changamwe ni vibao vya zamani pamoja na kipande cha plaiwudi nilichokikata kwa umbo na unene wa fremu ya mpini, na tundu la kile kijiti kidogo cha chini kinachozuia vibao visicheze.

Changamwe kuna ushirika wa wachongaji wa Kikamba tangu miaka ya 1960, na pembeni yake mafundi wengine wengi wanaojitegemea. Wangu ni mmoja wa hao, mtu wa twiga na vifaru. Nilimpelekea mchoro niliouhangaikia usiku, akauweka kando bila kuusoma.

"Lete mkono kwanza, mzee. Karatasi haishiki kitu."

Akaizungushia ile plaiwudi udongo wa mfinyanzi, akaniambia nikamate kama ninavyokamata siku zote. Udongo ukachukua kiganja changu chote, hata pete. Akataka kunichongea na mifereji ya vidole. Nikakataa, na nashauri ukatae: mifereji hukulazimisha kushika sehemu moja tu, ukikosea kidogo kwa haraka, kidole kinakaa juu ya kigongo. Nilichotaka ni tumbo dogo nyuma ya upinde wa triga, na mgongo wa mviringo, basi.

Alinitengenezea jozi mbili. Ya mpingo ni nzuri kiasi cha kukaa sebuleni. Weusi wake hauhitaji rangi wala vanishi, na ni mzito kweli, mti ambao ukiutupa majini unazama. Si ajabu wanaoutengenezea zumari za Ulaya wanautafuta huku kwetu. Kwa fundi ni mateso: unga wake unachoma pua, patasi haikai kali. Na kwa mpigaji una ila moja: ukipigwa msasa mpaka ung'ae, ukilowa jasho unateleza kama kioo. Unaweza kuukatia vimraba vya nakshi ili ushike, lakini kwenye mti mgumu hivyo gharama ya mkono inapanda. Nimeuweka wa sikukuu. (Ukitaka kumpelekea ndugu aliye ng'ambo, ujue kwamba tangu 2017 jamii yote ya mpingo iko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulizia vibali kabla hujafunga mzigo. Na kama kuna mtu atakayekunong'oneza habari za mpini wa pembe ya ndovu kama wa Jenerali Patton wa Marekani, mkimbie. Nchi hii ilichoma tani 105 za pembe mwaka 2016. Haina mzaha na jambo hilo.)

Ya pili ndiyo ninayoitumia. Ni mbambakofi, iliyokatwa kwenye kipande kilichobaki kwenye matengenezo ya mlango wa zamani wa Mji wa Kale. Mbao hii wazee waliitia milangoni kwa sababu haifuri kwa mvua wala haipasuki kwa jua, na mchwa haili. Mpini unahitaji hayohayo. Kusi na kaskazi zimepita, vibao vimekaa palepale, skrubu haijalegea.

Kukalisha mbao kwenye chuma nilifanya mwenyewe nyumbani, maana hapo ndipo bastola inahitajika. Fundi alikuwa ameacha ndani mbao ya ziada kidogo. Nilichanganya masizi ya koroboi na tone la mafuta, nikapaka fremu kwa kidole, nikabana kibao, nikakitoa. Palipogusa panakuwa peusi. Unakwangua hapo kwa ncha ya patasi, ukwangue kidogo sana, unapaka tena, unabana tena. Weusi ukienea sawasawa pote, umemaliza. Ni kazi ya kuchosha macho, lakini ndiyo inayotofautisha mpini unaolia unapobanwa na mpini uliotulia. Kibao cha kushoto nilikipunguza juu, karibu na silinda, la sivyo maganda ya risasi yanagonga mbao yakitolewa na moja linabaki ndani. Wauzaji wa mipini hawalisemi hili mara nyingi, ulizia.

Sikutia vanishi. Nilipaka mafuta ya kitani, tabaka nyembamba, kila moja likauke kabla ya jingine. Upande wa ndani nao, hasa huo, kwa sababu ndiko unyevu unakoingilia. Chuma kilicho chini ya vibao nakipaka nta, si mafuta mepesi yanayokauka. Na bastola hailali ndani ya ala; ngozi inanyonya unyevu wa pwani na kuurudisha kwenye chuma.

Uwanjani tofauti niliiona kwenye kidole kabla ya kuiona kwenye shabaha. Kifundo hakigongwi. Mkono hauhitaji kupangwa upya baina ya risasi, na kundi la matundu, hasa ninapovuta triga ndefu, limebana kuliko zamani. Lalamiko langu ni dogo: mpini umenenepa, na mke wangu, ambaye naye ana cheti na mkono mdogo, anaona afadhali vile vibao vyembamba vya kiwandani. Akitaka kuipiga, anavirudisha kwa dakika chache.

Vile vibao, kwa hiyo, nisingekubali vipigwe hata msasa. Ndani ya kile cha kulia imeandikwa namba ileile ya kitakoni, na kwa wanaokusanya silaha hizi, bastola kuukuu yenye vibao vyake halisi ina bei nyingine kabisa. Viko kwenye bahasha kavu, na skrubu yao ya asili.