Kukatiwa bodi dukani kwa kabati la ukutani: inafaa, ila pima mwenyewe

Ukipeleka orodha ya vipande kwenye duka la bodi lenye mashine, unarudi na kabati zima likiwa limekatwa, kingo zimenyooka na ejingi, ule utepe wa kufunika kingo, imeshabandikwa. Kwa kabati la kusimama peke yake hakuna cha kulalamikia. Kwa kabati la kuingia kwenye kishubaka, ile nafasi kati ya ukuta na nguzo, huduma ni nzuri vilevile, mradi vipimo viwe vyako. Mashine hukata pembe mraba. Ukuta uliopigwa lipu kwa mkono hauna pembe hiyo.

Chukua kishubaka cha chumba cha kulala chenye upana wa milimita 1180 chini, 1172 katikati na 1186 juu, kina 640, dari 2450. Wengi hutaja ile 1180, kwa sababu chini ndiko tepu inafika bila ngazi. Boksi likikatwa kwa hesabu hiyo, linakwama katikati ya ukuta na bodi haipunguziki tena bila kubandua ejingi. Kipimo kinachotawala ni kile kidogo, 1172. Toa 72, boksi liwe 1100. Milimita 36 zinazobaki kila upande zina kazi: zinazibwa kwa ukanda wa bodi, na huo ukanda ndio unaoupa mlango na kishikio chake nafasi ya kufunguka bila kukwaruza ukuta.

Urefu ndio unaowaponza hata mafundi wazoefu. Boksi la 2400 ni fupi kuliko dari ya 2450, lakini likiungwa sakafuni kisha kuinuliwa, kona yake inapita kwenye mshazari. Kwa boksi lenye kina cha 580 mshazari huo ni 2469, kwa hiyo linagonga dari na kukataa kusimama. Kata mbavu, yaani bodi za pembeni, 2280, mshazari unashuka hadi 2353 na boksi linainuka sakafuni bila shida. Chini weka kitako cha peke yake cha milimita 100, ukisawazishe kwa pima maji kabla ya kupandisha juu yake boksi likiwa limeshasimama. Juu inabaki 70, nayo inazibwa kwa ukanda.

Bodi moja ni 2440 kwa 1220, na msumeno unakula milimita 4 kila unapopita. Mbavu mbili za 580 zikitoka kwenye bodi moja, yanabaki mabaki ya 52, yaani ukanda mmoja wa 50. Waambie wasiyatupe. Maduka mengi hubakiza vipande hivyo bila kuuliza, halafu unalazimika kununua bodi nyingine kwa ajili ya kanda mbili za kuzibia. Kabati hili, likiwa na kigawanyo cha katikati na rafu 8, linakula bodi 4 za milimita 18, pamoja na moja ya milimita 6 kwa mgongo. Kigawanyo usikiache: rafu yenye mzigo uliosambaa, ukiongeza urefu wake mara mbili na mzigo wa kila sentimita ukabaki uleule, inapinda mara 16. Rafu za 521 hazitakusumbua, ila ya 1064, isiyo na kigawanyo, itabonyea.

Swali la kuuliza kaunta kabla ya yote: vipimo vyangu ni kabla ya ejingi au baada yake? Ejingi ya milimita 2 pande zote mbili inaongeza 4. Milango miwili ya 547 inayotakiwa kuachiana milimita 3 itagongana, na lawama itaishia kwa bawaba. Mlango wa ukubwa huu una kilo 16 hivi, kwa hiyo weka bawaba 5, usijaribu 3. Tundu la bawaba ni kipenyo cha 35, na ni heri duka litoboe, kwa kuwa kwa drili ya mkononi ni rahisi kutokea upande wa pili.

Ukuta wa nje, hasa pwani, acha hewa ya milimita 20 au zaidi nyuma ya mgongo. Kitako kiwe cha mbao ngumu au miguu ya plastiki, maana maji ya deki huvimbisha bodi kuanzia chini. Bodi yenye kiini cha kijani hustahimili unyevu, si maji yaliyotuama.

Ukanda wa pembeni usikatiwe dukani kwa umbo la ukuta. Usimamishe ukiwa na 50 zake zote, fuata timazi, ubane kwa muda, kisha buruta bikari yenye penseli ukutani kutoka juu hadi chini, mguu wa chuma kwenye lipu na penseli kwenye bodi. Mstari unaopatikana unabeba kila nundu ya fundi wa lipu. Kata kwa msumeno mwembamba, acha unene wa penseli, malizia kwa msasa.

Kabla ya kulipa, pitisha kidole upande wa chini wa kila mkato. Mashine isiyo na kisu kidogo cha kutangulia hung'oa melamini, ile ngozi ya juu ya bodi, kwa vijimeno, na vijimeno hivyo huanza kuonekana vizuri milango ikishafungwa. Kwaruza ncha ya ejingi kwa ukucha. Ikinyanyuka pale kaunta, irudishwe mashineni papo hapo.