StemWijzer ya Uholanzi: hupima vyama, haipimi vinara

StemWijzer ni huduma ya bure ya mtandaoni ya ProDemos, taasisi ya Uholanzi ya elimu ya demokrasia, inayomwonyesha mpiga kura chama kinachokaribiana zaidi na misimamo yake. Katika uchaguzi wa bunge wa 2023 ilikuwa na hoja 30, ambazo mtumiaji huzikubali, huzikataa au hukaa kati, kisha huteua mada anazotaka zipewe uzito zaidi. Sifa yake kubwa ni kwamba vyama vyenyewe hueleza sababu za majibu yao, kwa hiyo mtu husoma utetezi wa chama kabla ya kukihukumu.

Kasoro ninayoiona ni kwamba matokeo hupangwa kwa vyama, ilhali Mholanzi akifika kituoni hupewa karatasi kubwa mno iliyojaa majina ya wagombea, naye hutia alama kwenye jina la mtu mmoja. (Watanzania, ambao orodha za viti maalum hawazioni kwenye karatasi ya kura, wataona ajabu.) Wengi humchagua aliye juu ya orodha, yaani kinara anayekiwakilisha chama kwenye midahalo ya televisheni, na wakati mwingine kinara huyo ndiye chama chenyewe. Chama cha NSC, kilichoanzishwa na mwanasiasa Pieter Omtzigt miezi michache kabla ya uchaguzi wa 2023, kilipata viti 20 kati ya 150; yeye alipoachana na siasa mwaka 2025, chama hakikuambulia hata kiti kimoja katika uchaguzi wa Oktoba, ingawa kuvunjika kwa serikali kilimoshiriki nako kulikidhuru. Hoja 30 haziwezi kumwandaa mpiga kura kwa jambo la namna hiyo.

Tena, kuwa wa kwanza si kupendwa zaidi. Katika uchaguzi wa bunge wa 2006 Rita Verdonk, wa pili kwenye orodha ya chama cha VVD, alipata kura 620,555, akimpita kinara Mark Rutte aliyepata 553,200. Hata hivyo Rutte alibaki kiongozi, na mwaka 2010 akawa waziri mkuu.

Kwa kupima sera, naipendekeza huduma hii bila kusita. Ningeongeza tu kwamba chini ya kila chama yawekwe majina ya juu ya orodha yake, pamoja na maelezo kwamba mgombea anayefikisha robo ya kura zinazotosha kiti kimoja anaweza kuwaruka waliomtangulia, mradi chama chake kimepata viti.