Leza ya mkononi ya kutibu wanyama: mashine naipenda, miwani yake hapana

Haya, wafugaji wenzangu, karibuni tena. Leo siwachelewesheni maana nimekasirika. Hii hapa mezani ndiyo ile leza ya mkononi ya kutibu wanyama mliyoniomba tangu mwezi wa tatu. Betri, chaja, uzito, begi lake, yote yameandikwa kwenye boksi, mtasoma wenyewe. Mimi nataka muone kitu kimoja. Miwani.

Tazameni. Ndani ya boksi nimekuta miwani hii ya plastiki ya kijani, imeandikwa ni ya kinga. Naigeuza huku, naigeuza kule, kwenye kioo hamna namba, kwenye fremu hamna namba. Miwani ya leza lazima iseme inazuia nanomita ngapi, yaani mwanga wa mawimbi ya urefu gani, na inazuia kwa kiasi gani. Hii niliyovaa mimi nimeiazima kliniki kwa rafiki yangu. Ngoja niisogeze msome: nanomita 800 hadi 820, OD 5, hiyo OD ndiyo kiasi cha kuzuia. Maana yake mwanga huo ukipita hapa unapungua mara 100,000.

Mtaniuliza, daktari, namba ya nini? Kichwa cha mashine kina taa 15. Zile 12 za pembeni ni nyekundu, nanomita 650, kila mtu anaziona. Hizi 3 za katikati ni nanomita 808, miliwati 200 kila moja, na ndizo zenye kazi kubwa. Jicho karibu halizioni kabisa. Mwanga mkali wa kawaida ukikupiga, unafumba jicho kabla hujawaza. Huu hufumbi, kwa sababu hujui kama upo. Unaingia, lenzi ya jicho inaukusanya kuwa nukta moja, retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaoona, inaungua, na hapo hakuna dawa ya matone ya kukusaidia.

Nimezima taa za chumba, mbwa nimemtoa nje. Namulika karatasi nyeupe isiyong'aa, na simu inarekodi karatasi tu. Tafadhali, kamera usiielekeze kwenye kichwa cha mashine, utaiua. Mnaona wekundu? Na hapo katikati mnaliona doa la zambarau? Mimi hapa nilipo silioni. Kamera ndiyo inayaona hayo mawimbi ya 808. Sasa nachukua kioo cha miwani ya kijani, nakiweka mbele ya kamera. Wekundu umepotea. Zambarau je? Ipo! Naondoa, narudisha tena. Ipo vilevile. Sasa naweka hii ya kuazima... imezimika.

Jamani, hii ni mbaya kuliko kukosa miwani. Unaivaa, unaona wekundu umetoweka, unajiona uko salama, unainama kukiangalia kidonda kwa karibu. Na mtoto ameshika kamba ya mbuzi pembeni yako, hana hata hiyo ya kijani. Muuzaji nilimwandikia mara mbili, akanijibu kwamba wateja wengine hawajalalamika.

Basi, nimeshusha pumzi. Tuingie kwenye mashine.

Bosco, njoo. Huyu ni mbwa wangu, German Shepherd, miaka 11, nyonga zinamsumbua, asubuhi anainuka kwa shida. Uso wake naufunika taulo, maana na yeye ana macho. Manyoya yake meusi yanakunywa mwanga kabla haujafika kwenye ngozi, kwa hiyo hapa nimemnyoa, na kichwa cha mashine nakigandamiza kabisa, sikipeperushi juu juu kama mnavyoona watu wanavyofanya.

Kipimo. Nishati tunaipima kwa joule, na wati 1 ni joule 1 kwa sekunde. Jumla ya taa zote hapa ni wati 0.66. Eneo la nyonga nimepima sentimita 10 kwa 10, yaani sentimita mraba 100. Kwa maumivu ya kiungo kilicho ndani, madaktari wengi hutumia joule 8 hadi 10 kwa kila sentimita mraba. Chukua 8, unahitaji joule 800. Gawa kwa 0.66, ni dakika 20 upande mmoja. Na mashine inajizima kwa dakika 10! Kwa hiyo nawasha mara mbili. Ile kubwa ya kliniki, ya wati 12, inamaliza kwa dakika moja na kidogo, lakini hiyo inachoma, lazima uisogeze muda wote, na bei yake ni ya kununulia gari. Hii ukisahau mkono umetulia, si rahisi kuunguza ngozi. Hilo nalipenda sana.

Inafanya kazi? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, mwaka 2012 walitoa ripoti ya mbwa waliofanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo: waliopigwa leza walitembea baada ya siku 3.5, wengine 14. Halafu 2017 utafiti mwingine haukuona tofauti. Bosco nampa wiki ya tatu sasa, anapanda ngazi bila kusukumwa, lakini dawa zake za maumivu sijaziacha, kwa hiyo siwezi kusema ni leza peke yake. Na usimulike uvimbe usioujua, unaweza kuwa saratani. Tumbo lenye mimba usiliguse. Apimwe kwanza.

Bei, laki sita na nusu mpaka kunifikia hapa Arusha. Mwanzo nilitaka kuwaambia msinunue. Sasa nimeishika mwezi mzima, ningeinunua tena, ila miwani nimeagiza kwingine, laki moja na nusu juu, na vipande viwili, kwa sababu anayemshika mnyama naye anavaa.

Kuanzia wiki ijayo video zinatoka Alhamisi, siyo Jumanne tena. Alhamisi hiyo ni punda mwenye kidonda cha mgongoni, kilichotokana na tandiko. Anayemshika nimeshamwambia: miwani ikichelewa kufika, hatuwashi.