Nyumba Kubwa Pembezoni mwa Kampala: Ipi Itangulie?

Mnunuzi wa nyumba ya vyumba vitano au sita huko Kira, Namugongo au kandokando ya barabara ya Entebbe mara nyingi huanza kwa kuhesabu vyumba, ilhali kitakachobaki na thamani baada ya miaka 30, paa likiwa limechakaa na vigae vimepitwa na wakati, ni ardhi iliyo chini yake. Kwa hiyo nimezipanga nyumba hizi kwa kufuata hati ya ardhi kabla ya ukubwa.

Nafasi ya kwanza naipa nyumba iliyo kwenye ardhi ya umiliki huru, au ya mailo (umiliki wa kudumu wa ardhi ulioanzia Buganda) ambayo muuzaji ana hati yake mwenyewe na haina mwenye kibanja, yaani mkaaji mwenye haki ya kutumia kipande cha ardhi yenye hati ya mtu mwingine. Sharti hilo la mwisho ndilo zito. Mailo, iliyotokana na Mkataba wa Buganda wa 1900, huweza kuwa na watu wawili wenye haki juu ya kipande kimoja: mwenye hati, na mwenye kibanja anayelipa busuulu (kodi ya ardhi ya kila mwaka) na kulindwa na Sheria ya Ardhi ya 1998. Baada ya kupekua daftari la ardhi, mlete mpimaji afufue mipaka, kisha zungumza na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na majirani, kwa kuwa daftari halimwonyeshi bibi aliyelima migomba nyuma ya ua kwa miaka 40.

Ya pili ni nyumba ya ardhi ya kukodi, ikiwa imebakiza miongo kadhaa. Kwa asiye raia wa Uganda, mlango ni huu tu, na kikomo chake ni miaka 99. Uliza miaka iliyobaki, si iliyoandikwa mwanzoni.

Kibanja nakiweka mwisho, hata nyumba iwe ya kifahari kiasi gani. Bei yake huvutia, lakini sheria inamtaka muuzaji apate idhini ya mwenye ardhi, na wengi huruka hatua hiyo.

Kuhusu ukubwa, kiwanja kilichozoeleka cha futi 50 kwa 100 hakifiki desimali 12 (desimali 100 ni ekari moja), na jumba la ghorofa likikijaza, watoto watachezea kwenye maegesho. Mimi ningechukua nyumba ya vyumba vinne kwenye desimali 25. Kama ni lazima iwe kubwa, tafuta yenye mlango wa pekee wa kwenda juu, ili watoto wakishaondoka ghorofa hiyo ipangishwe.

Katika bajeti ongeza ushuru wa stempu, na kama familia ya muuzaji inaishi humo, usilipe kabla mwenzi wake hajatia saini ya kuridhia. Kisha rudi mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha: nyumba iliyo bondeni karibu na mafunjo yaelekea imejengwa kwenye ardhi oevu, na hapo hati nzuri haitazuia maji wala amri ya kubomoa.