Boriti au kaboni: biashara mbili za mikoko ya Gazi

Mwuza boriti hukata mkoko na kupata fedha leo. Hesabu rahisi, na mwenye njaa simlaumu. Ila ufuo ukimomonyoka na samaki wakikosa mazalia, anayelipa ni mvuvi, si yeye.

Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni, Kwale, pwani ya Kenya, ulioanza 2013, huuza mkoko uliosimama: hekta 117 zinazofyonza kaboni ya hewani, ile inayopasha dunia joto, na wanunuzi wanaotaka kufidia kaboni wanayoitoa wao hulipia hiyo iliyofyonzwa. Fedha zimeleta maji na vitabu vya shule. Kasoro ipo, wanunuzi wengi wako mbali. Lakini mtaji haupungui kwa kila mauzo, na hapo ndipo naiona tofauti.