Uzoefu wangu: tela la kukodi la futi 17, watu wawili, kutoka Colorado mpaka Glacier

Jibu kwanza kwa wale walioniuliza: ndiyo, ningelikodi tena tela lile lile. Ninalipatia nyota nne kati ya tano. Kwa watu wawili wanaokwenda milimani, tela dogo la kulala ndani linaishinda ile basi-nyumba kubwa yenye injini yake, na sababu yake ni moja inayozizidi nyingine zote. Ukifika kambini unalitenganisha na gari, unaliwekea kabari kwenye matairi, kisha unaondoka na gari tupu. Barabara nzuri kuliko zote katika hifadhi za taifa tulizopitia, yaani Rocky Mountain, Teton, Yellowstone na Glacier, ni zile nyembamba, na mwenye basi-nyumba hubaki kuzitazama kwenye ramani.

Tunaishi Marekani, upande wa Denver, mimi na Baba Zuhura. Tulikodi kwa mtu binafsi kupitia programu ya simu: tela la futi 17, kitanda kimoja kikubwa nyuma, meza inayokunjwa, jiko la gesi la mafiga mawili, friji ndogo, choo na bafu katika kijichumba kimoja. Gari letu ni Toyota 4Runner, ndugu wa ile Hilux Surf mnayoijua nyumbani. Injini yake ni ya silinda sita isiyo na turbo, na kiwango chake cha kukokota ni pauni 5,000, yaani kama kilo 2,270.

Hapa nataka nikae kidogo, maana jambo hili halisemwi vya kutosha. Uzito unaotajwa kwenye tangazo ni uzito wa tela likiwa tupu. Letu lilitajwa kilo 1,450. Tulipojaza maji, mitungi ya gesi, vyombo, mablanketi na chakula, tukaingia kwenye mizani ya malori kituo cha mafuta: tela lilikuwa limevuka kilo 1,800, na ndani ya gari tulikuwemo sisi wawili na mizigo yetu. Bado tulikuwa salama, lakini nafasi niliyodhani ni kubwa ilikuwa imeliwa. Mizani hii ya malori ipo kwenye vituo vingi vya barabara kuu, hulipi hela nyingi, na unapata karatasi inayoonyesha kila ekseli inabeba nini. Lipime tela hata kama mwenyewe amekuapia. Na hakikisha asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa tela inaegemea kwenye ule mpira wa chuma wa kuunganishia tela na gari. Mzigo ukirundikwa nyuma, tela litaanza kutikisa mkia barabarani.

Kituo cha kwanza kilikuwa Rocky Mountain. Tulilaza tela katika kambi ya Glacier Basin, mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, tukapanda Trail Ridge Road na gari peke yake. Barabara hii inafika mita 3,713. Kwa aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hicho ni kimo cha vibanda vya Horombo, na hapa unakifikia umekaa kwenye kiti. Juu ya mstari wa miti unakwenda karibu kilomita 18 za nyasi fupi na upepo, na sehemu nyingi hazina ukingo wa chuma pembeni. Matela yanaruhusiwa kupita, na tuliyaona. Mimi nilifurahi kwamba letu limebaki chini, kwa sababu tulisimama kila palipotuvutia, hata penye nafasi ya gari moja tu. Kichwa kiliniuma siku ile. Dawa ilikuwa maji mengi na kushuka mapema.

Kambi ile haikuwa na umeme, na hapo ndipo nyota ya tano ilipopotea. Usiku wa mwezi wa saba milimani baridi inakaribia ya kugandisha. Hita ya tela inatumia gesi, lakini feni inayosukuma ule moto inakula betri. Sola ya juu ya paa ilikuwa ndogo, na sisi tulikuwa chini ya misonobari. Kabla ya alfajiri feni ilikuwa inazunguka kwa kujikokota. Betri za kawaida za risasi hazitakiwi kushuka chini ya nusu, na moja peke yake haitoshi usiku wa baridi. Kabla hujakodi, muulize mwenye tela: betri ngapi, za aina gani, na sola inasukuma wati ngapi? Sisi tuliishia kulala na blanketi mbili na kuwasha hita nusu saa tu asubuhi, na kwa mpango huo betri ilituvumilia.

Jikoni sasa. Maji yanachemka kwa joto dogo kadiri unavyopanda, karibu nyuzi moja kwa kila mita 300. Pale Glacier Basin yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi. Wali unahitaji maji zaidi na subira. Maharage usijaribu bila sufuria ya presha, utamaliza mtungi wa gesi na yatabaki magumu. Sufuria ya presha ndicho chombo nilichokitumia kuliko vyote. Nyama ya halali tulibeba kutoka Aurora, imekatwa, imefungwa vifurushi vya mlo mmoja mmoja na kugandishwa, maana ukishaingia Wyoming vijijini huipati. Friji inafanya kazi kwa gesi, ila inataka tela liwe sawasawa. Ukiegesha likiwa limeinama, haipoi. Tulikuwa na kipimo cha kiputo cha fundi seremala, na ndicho kitu cha kwanza tulichokishika kila tulipofika.

Kutoka Colorado tulipanda kupitia Laramie, tukashika barabara kuu ya I-80 kuelekea Rawlins. Upepo wa pale, hasa karibu na Elk Mountain, si wa kuupuuza. Serikali ya jimbo hufunga barabara kwa magari mepesi yenye kimo kirefu upepo unapozidi, na tela tupu ni mojawapo. Tuliondoka Laramie baada ya sala ya alfajiri, kabla upepo haujaamka, na bado lori lilipotupita tulivutwa kisha tukasukumwa. Nilimwambia, "Baba Zuhura, punguza, liache lipite." Akaachia mafuta polepole, akabana kile kitufe cha mkononi kinachofunga breki za tela peke yake, likanyooka. Huo ndio utaratibu: usikanyage breki ya gari kwa pupa, usipige kona ya ghafla. Kifaa cha kuongoza breki za tela kiwe kimefungwa kwenye gari lako na kimejaribiwa kwenye uwanja mtupu kabla ya safari. Mwenye tela alitupa pia ule mkono wa chuma wa kuzuia kuyumba, na ninamshukuru kwa hilo.

Kisha njia ya mlimani ya Togwotee, mita 2,944, mlango wa kuingilia Teton ukitokea Dubois. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia tatu ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo kule juu gari letu lilikuwa limepungukiwa zaidi ya robo ya nguvu zake na kilo 1,800 ziko nyuma. Tulipanda kwa gia ya tatu, kwenye njia ya kulia, pamoja na malori. Mteremko ndio wenye mtihani. Waliowahi kushuka Kitonga wakiwa ndani ya lori lenye dereva mtu mzima wanajua: mlima unaushuka kwa gia uliyoupandia. Injini ishikilie, breki uziguse kidogo na kuziachia, zipate kupoa. Mume wangu alifanya hivyo mpaka chini na hatukusikia harufu ya breki. Ukiwa na tela, njia ya Teton Pass kati ya Victor na Jackson iache. Ina mteremko wa asilimia 10.

Na malipo ya Togwotee ni kwamba unapotoka kwenye kona za mwisho, milima ya Teton inasimama mbele yako yote kwa pamoja. Haina vilima vya kuitangulia. Ardhi ilipasuka, upande mmoja ukapanda na mwingine ukazama, na ndiyo maana Grand Teton inainuka zaidi ya mita 2,000 moja kwa moja kutoka bondeni mpaka 4,199. Nimeona milima mingi na sijaona uliosimama hivyo. Tulilala Colter Bay, pembeni ya ziwa Jackson, kwenye nafasi yenye umeme, maji na bomba la maji machafu. Betri ikajaa, nami nikaoga vizuri.

Yellowstone tulilala Fishing Bridge. Kambi hii hairuhusu hema wala tela la kuta za turubai, kwa sababu ni eneo la dubu aina ya grizzly, wanaotembea pale kutafuta chakula. Tela la kuta ngumu linakuruhusu kuingia. Chakula chote, hata sufuria iliyooshwa, kinafungiwa ndani. Mimi hupika na viungo, na harufu ya pilau inakwenda mbali. Kwa hiyo tulipika mchana, madirisha yamefungwa, na maji ya kuoshea hatukuyamwaga nje hata tone.

Kwa sisi tuliozoea hifadhi za nyumbani, ambako kushuka kwenye gari porini ni marufuku isipokuwa penye ruhusa, Yellowstone inashtua. Baisani, mnyama anayeweza kufika kilo 900, anapita kwenye maegesho ya magari, na watu wamesimama na simu. Sheria inasema mita 23 kwa baisani, mita 91 kwa dubu na mbwamwitu. Shikeni sheria hiyo. Ng'ombe kwa sura, lakini mbio zake zinamshinda binadamu yeyote. Bonde la Hayden saa za jioni lilijaa baisani, wakavuka barabara kwa muda wao, foleni ikasubiri. Hapo tena gari bila tela lilikuwa neema, unageuza popote. Maegesho ya Grand Prismatic, ile chemchemi kubwa ya maji moto, yanajaa asubuhi mapema, na mwenye basi-nyumba la mita 10 hana pa kusimama.

Niseme na la chooni, maana wengi wataka kujua na hawaulizi. Tangi la maji safi letu lilikuwa la lita 110 hivi. Kwa watu wa kutawaza kwa maji na kutia udhu mara tano, hiyo ni siku mbili, tatu kwa kujibana. Tulitenga kopo dogo la nusu lita kwa udhu, nalo lilitosha. Mchanganyiko wa maji ya choo unamwagwa kwenye kituo maalumu: mpira mnene, glavu, tangi la choo kwanza, kisha lile la maji ya kuogea lisafishe mpira. Haina ugumu. Nafasi ya kusali ndani ni ya mtu mmoja mmoja, kati ya kitanda na meza. Hali ikiwa nzuri tulisali nje kwa jamaa.

Tulitoka Yellowstone kwa lango la kaskazini, Gardiner. Barabara ya zamani iliharibiwa na mafuriko ya Juni 2022, na hii iliyoichukua nafasi yake ina kona kali na mteremko, ishuke polepole.

Glacier ndiyo iliyothibitisha ninayoyasema. Barabara yake ya mlimani, Going-to-the-Sun Road, iliyozinduliwa mwaka 1933, hairuhusu chochote kinachozidi mita 6.4 kati ya vituo vya Avalanche na Rising Sun, gari na tela vikihesabiwa pamoja. Upana nao usizidi futi 8 pamoja na vioo. 4Runner ina mita 4.8. Tela likabaki kambini upande wa magharibi, sisi tukapanda. Mwamba uko mkono mmoja, bonde mkono wa pili, na mahali fulani maji ya theluji yanamwagika toka ukutani mpaka juu ya paa la gari. Logan Pass, sehemu ya juu kabisa ya barabara hii, ni mita 2,026 tu, lakini mbuzi wa milimani weupe wapo, na theluji ilikuwa bado kwenye njia ya kwenda ziwa Hidden Lake. Kutoka barabarani unaiona kwa mbali barafu ya Jackson, moja ya zile barafu nene za kudumu za mlimani (glacier). Hifadhi inakadiriwa ilikuwa na barafu kama 80 za namna hiyo katikati ya karne ya 19, na zilizobaki zinazostahili jina hilo ni chache, kama theluthi ya zile. Mimi niliyekua nikiambiwa Kilimanjaro ina kofia nyeupe, na ninaiona kila mwaka ikipungua kwenye picha, niliumia. Aliye na uwezo aende aone sasa.

Gharama: tela lilikuwa chini kidogo ya dola 100 kwa usiku kabla ya bima na ada ya programu. Mafuta ndiyo yanayouma, lita 22 hivi kwa kilomita 100 tukiwa na tela. Kambi zenye umeme na bomba bei yake inazidi mara mbili ya zile zisizo na kitu, kwa hiyo changanyeni. Pasi ya mwaka ya hifadhi zote ni dola 80 kwa mkazi mwenye kitambulisho cha Marekani. Kwa ndugu anayekuja kutembea kutoka nyumbani ni dola 250 tangu Januari 2026. Nafasi za kambi nyingi hufunguliwa miezi sita kabla na zinakwisha siku hiyo hiyo.

Familia yenye watoto watatu, tela hili si lenu; tafuteni refu zaidi na gari lenye nguvu zaidi. Na yeyote atakayekodi, kabla ya kusaini ainame aangalie matairi. Ubavuni kuna namba ndefu, na tarakimu zake nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Matairi ya tela huzeeka yakiwa yamesimama, kashata zake, yaani yale meno ya tairi, bado nzima. Yakipita miaka sita, mwambie mwenyewe abadilishe kwanza.